Faini ya mto yaenda serikalini, hasara yabaki bondeni

MKAZI wa kata ya Kambarage, katika Manispaa ya Shinyanga, anapofungua bomba nyumbani kwake hapati maji ya Shinyanga. Anapata maji ya Ziwa Victoria, yaliyovutwa Ihelele wilayani Misungwi, yakasafishwa na kusukumwa zaidi ya kilomita 100 hadi kwake.

Mradi huo, uliojengwa kwa fedha za Serikali yenyewe na kuzinduliwa mwaka 2009, una uwezo wa kutoa lita milioni 80 kwa siku. Mamlaka ya KASHWASA inauza maji hayo kwa jumla, na mamlaka ya mji, SHUWASA, inayasambaza kwa wateja. Baadaye mtandao uliongezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Watu wazima wa mji huu wanakumbuka enzi za kutegemea bwawa la Ning'hwa, na foleni za ndoo kila kiangazi kilipokaza. Kwao bomba la Ihelele ni ukombozi, na hakuna anayebisha.

Lakini bomba hilo limeleta jambo ambalo halisemwi sana. Limemtenga mtu wa mjini na mto wake. Mto ukichafuka, yeye hana habari, kwa kuwa maji yake yamepita kwenye mtambo wa kusafisha. Anayepata habari wa kwanza ni ng'ombe, na wa pili ni mwenye ng'ombe.

Mto Mhumbu, unaopita karibu na mji wa Shinyanga, ni wa msimu. Mvua zikinyesha hujaa na kuvuka kingo zake; kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Katika madimbwi hayo ndimo mifugo inywamo, na pembeni mwake ndimo watu hulima bustani. Uchafu ulioingia mtoni wakati wa masika hauna pa kwenda, na kadiri maji yanavyokauka ndivyo unavyozidi kuwa mkali.

Hali ni hiyo kwa mito mingi midogo ya Shinyanga na ya ukanda wa dhahabu wa Geita. Mto mkubwa wenye maji mwaka mzima unaweza kupunguza makali ya taka kwa wingi wa maji yake. Mto wa mchanga hauwezi.

Mfano wa ng'ombe 20

Hebu msomaji achukue mfano wa mfugaji mwenye ng'ombe 20. Ng'ombe mmoja hunywa wastani wa lita 30 kwa siku, na joto likizidi hunywa zaidi. Kundi zima linahitaji lita 600, sawa na ndoo 30 za lita 20.

Dimbwi lake likiharibika, ana njia mbili: kuswaga mifugo mbali zaidi au kununua maji kwenye kioski. Tukikadiria ndoo moja kuwa Sh 50, atatumia Sh 1,500 kwa siku, yaani Sh 45,000 kwa mwezi. Kwa miezi saba ya ukame ni Sh 315,000, na hapo hajamlipa mchungaji wala hajahesabu uzito ambao ng'ombe hupoteza kwa kutembea.

Hasara hiyo haiandikwi popote. Haimo katika vitabu vya kiwanda, haimo katika hesabu za mgodi, na haimo katika taarifa ya halmashauri. Lugha ya uchumi inaiita gharama ya nje, yaani gharama ambayo mzalishaji anamwachia mtu mwingine ailipe. Kazi ya Serikali katika suala la uchafuzi wa mito, ukiondoa maneno yote ya kitaalamu, ni kuirudisha gharama hiyo kwa aliyeisababisha.

Je, imefanikiwa?

Sheria hazikosekani

Tanzania haina upungufu wa sheria. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Ikafuata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyolipa Baraza hilo meno, kisha kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, halafu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Kwa mujibu wa sheria hizo, kiwanda, mgodi au mamlaka ya majitaka haviruhusiwi kumwaga maji yaliyotumika kwenye mto bila kibali, na maji hayo lazima yawe yamesafishwa hadi kufikia kiwango kilichowekwa. Kanuni inayotawala ni kwamba mchafuzi hulipa.

Ufuatiliaji wa mito umekabidhiwa bodi za maji za mabonde. Hapa ndipo jiografia ya eneo hili inapoleta usumbufu. Maji ya Mhumbu na Manonga yanaelekea Wembere na Ziwa Kitangiri, hivyo yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Kati, yenye makao Singida. Upande wa Geita unaotiririkia Ziwa Victoria unasimamiwa kutoka Mwanza. Upande wa pili wa Geita, ambao maji yake huishia mto Malagarasi, uko chini ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo ofisi yake iko Kigoma.

Mwanakijiji anayeona maji yamebadilika rangi asubuhi hajui hata ampigie nani. Mpaka mtaalamu afike na chupa zake za sampuli, maji yenyewe yameshapita.

Kuna kifungu kimoja, hata hivyo, ambacho kila mkulima wa bondeni anakijua: kile kinachokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lengo lake ni jema, kwani jembe kwenye kingo huleta tope. Lakini ni kifungu rahisi mno kukitekeleza. Mwenye bustani ya mchicha anaonekana mchana kweupe na wala hana wakili, ilhali bomba linalofunguliwa usiku wa mvua halionekani. Matokeo yake, katika vijiji vingi sura ya sheria ya mazingira ni mgambo anayeng'oa nyanya.

Kile kilichotokea Tarime

Ili kuona sheria inavyofanya kazi kwa mchafuzi mkubwa, inabidi kutoka Shinyanga na kwenda kaskazini zaidi ya Kanda ya Ziwa, wilayani Tarime, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Hakuna kesi ya uchafuzi wa mto iliyovuma kuliko hiyo.

Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini na kuingia mto Tigithe. Wananchi walilalamikia vifo vya samaki na mifugo, na maradhi ya ngozi. Kampuni ilikiri kuvuja, ikisema kuwa chanzo ni wizi wa plastiki ngumu iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye. Ubishi juu ya ukubwa wa madhara uliendelea kwa miaka.

Muongo mmoja baadaye, Mei 2019, Serikali iliutoza mgodi huo faini ya Sh bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la mabaki ya uchenjuaji. Julai mwaka huo NEMC ikaamuru bwawa hilo lisitumike mpaka uvujaji udhibitiwe. Septemba 2019 Barrick ikachukua umiliki wote wa Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi, na mazungumzo na Serikali yakaingia sura nyingine.

Sh bilioni 5.6 ni fedha nyingi kwa mtu wa kawaida. Kwa mgodi, hesabu ni tofauti. North Mara ilikuwa ikizalisha zaidi ya wakia 300,000 kwa mwaka, na bei ya dhahabu wakati huo ilikuwa juu ya dola 1,300 kwa wakia. Hayo ni mauzo ya zaidi ya dola milioni moja kwa siku. Faini yenyewe, kwa thamani ya shilingi ya mwaka 2019, ilikuwa kama dola milioni 2.4. Mgodi ungeweza kuilipa kwa mauzo ya siku mbili au tatu.

Kilichouma zaidi ni amri ya Julai, kwani bwawa likifungwa kinu nacho kinakuwa mashakani. Hilo ni funzo kwa wanaotunga viwango vya adhabu: mzalishaji mkubwa hashtushwi na faini kama anavyoshtushwa na siku za kusimama.

Lakini kwa mfugaji wa bonde la Tigithe, faini na amri vina kasoro moja inayofanana. Faini ni mali ya Serikali. Haigawiwi kwa waliopoteza mifugo, na wala haiwachimbii kisima kingine. Sheria ya mwaka 2004 inatoa nafasi ya amri ya kurejesha mazingira na ya fidia kwa walioathirika, na mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi. Ila anayedai lazima athibitishe kwamba maji yalikuwa mazuri kabla, kwamba yaliharibika, na kwamba aliyeyaharibu ni fulani. Mwanakijiji atazitoa wapi namba hizo?

Wachafuzi wadogo elfu moja

Geita ina mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na huko Kahama Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001. Migodi hiyo ina mabwawa ya mabaki, maabara na wakaguzi. Tatizo gumu zaidi kwa mito midogo liko kwingine, kwenye mialo ya wachimbaji wadogo.

Utaratibu unafahamika kwa kila aliyewahi kufika Rwamagasa au Mugusu. Mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mwaloni, na zebaki humwagwa ili kukamata chembe za dhahabu. Donge linalopatikana, ambalo karibu nusu yake huweza kuwa zebaki, huchomwa motoni. Zebaki hupanda kama mvuke, anayechoma anaivuta, na iliyobaki hushuka ardhini na majini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa kimataifa wa zebaki chini ya UNIDO ulifanya utafiti Rwamagasa na kukuta zebaki katika miili ya wachomaji na katika mashapo ya vijito vinavyopokea maji ya mialo.

Njia hiyo ni ya hasara hata kibiashara. Zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu kwenye mabaki, ambayo wachimbaji huyaita marudio. Marudio nayo ni bidhaa. Huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi, ambao huvuna dhahabu iliyobaki. Kwa hiyo mchimbaji anapata sumu kwanza na faida ndogo, na mwenye mtambo anapata faida kubwa.

Kuna hatari ya ziada hapa. Sayanaidi ikikutana na zebaki iliyobaki kwenye marudio, huiyeyusha na kuifanya isafiri na maji kwa urahisi. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata unazitaka nchi kuchukua hatua za kukomesha matumizi ya sayanaidi kwenye mabaki yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza. Tanzania ilitia saini mkataba huo Oktoba 2013 na kuuridhia mwaka 2020, ikaandaa mpango wa taifa wa miaka mitano wa kupunguza zebaki katika uchimbaji mdogo. Uingizaji wa kemikali hizi unasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa nini basi zebaki haipungui kwa kasi? Jibu liko kwenye mtaji. Zebaki inabebeka katika chupa ndogo, haihitaji umeme wala mtambo, na mara nyingi anayemkopesha mchimbaji zebaki ndiye mnunuzi wa dhahabu yake. Anayetaka kuiondoa zebaki sharti kwanza aondoe mkopo huo. Masoko ya madini, ambayo la Geita lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kufunguliwa mwaka 2019, yalisaidia mchimbaji kuijua bei halali. Hayakumpa kinu cha kuchenjua bila zebaki.

Tope la Mwadui

Uchafuzi si lazima uwe wa sumu. Novemba 7, 2022, ukingo wa bwawa la mabaki katika mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Mgodi huo wakati huo ulimilikiwa kwa ubia kati ya Petra Diamonds na Serikali. Tope lilivuka mipaka ya mgodi na kufunika makazi, mashamba na malisho ya vijiji jirani. Hakuna aliyepoteza maisha, na uzalishaji ulisimama hadi katikati ya mwaka 2023.

Almasi haichenjuliwi kwa sayanaidi wala zebaki. Mawe husagwa na kuoshwa tu. Lakini tope laini likilala juu ya udongo wa mbuga na kukauka, jembe haliingii, nyasi hazioti na kisima hufukiwa.

Kanuni za uthaminishaji nchini huhesabu ardhi, nyumba, mazao na posho za usumbufu. Hivyo ni vitu vyenye mwenyewe. Njia ya ng'ombe kwenda kunywa, dimbwi la kijiji na majani ya kingo za mto havina jina la mtu, na hivyo ni vigumu kuvitia kwenye fomu. Mfugaji asiye na shamba, ambaye anategemea vitu hivyo kuliko mtu yeyote, ndiye fomu inayemwacha nje.

Majitaka ya mijini

Si haki kuwabebesha migodi kila kitu. Miji ya kanda hii imekua haraka kuliko mifereji yake. Nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo, na magari ya kunyonya majitaka hayawatoshi wote, tena yanahitaji kulipwa. Ndipo mvua kubwa inaponyesha baadhi ya watu hutapisha vyoo, na uchafu huchukuliwa na mafuriko hadi mtoni.

Mto Mirongo unaokatiza katikati ya Mwanza umekuwa mfano wa hali hiyo kwa miaka mingi. Mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria, LVEMP, ulioanza mwaka 1997 na kufuatiwa na awamu ya pili kuanzia 2009, ulielekeza fedha kwenye majitaka, magugumaji na udongo unaosombwa. Mradi mwingine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ukashughulikia maji na usafi wa mazingira katika miji ya Geita, Sengerema na Nansio.

Hapa mkazi wa Kambarage anarudi kwenye habari. Majitaka yakizidi ziwani, mwani na magugumaji hustawi. Mtambo wa kusafisha maji hulazimika kutumia dawa zaidi, na gharama ya dawa huingia kwenye bei ya uniti. Anayelipia Mirongo mchafu anaweza kuwa mteja wa Shinyanga ambaye hajawahi kuuona.

Nani ana namba?

Machi 2022, maji ya mto Mara, eneo la karibu na daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali ilizuia kwa muda matumizi ya maji na ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika muda wa siku chache kamati ilieleza kwamba chanzo kikuu ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na majani yaliyooza, vilivyomaliza hewa majini.

Kisayansi inawezekana kabisa. Uchafu wa mifugo uliorundikana kwenye tingatinga hula oksijeni, na samaki hufa. Lakini watu wengi hawakukubali. Walihoji kwa nini ng'ombe waliokuwepo miaka yote waue samaki mwaka huo.

Tatizo halikuwa kamati. Kamati yoyote inayoitwa baada ya samaki kufa inafanya kazi ya kukisia yaliyokuwepo jana. Kama kungekuwa na daftari la vipimo vya kila wiki kwa miaka mitano nyuma, ubishi ungekwisha kwa kufungua ukurasa.

Shinyanga yenyewe iliwahi kuonyesha kwamba mali ya wote inaweza kuhesabiwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendeshwa kati ya 1986 na 2004, ulirudisha maelfu ya hekta za ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyatunza kwa ajili ya kiangazi. Wachumi walipokaa na wanavijiji kuhesabu kuni, nyasi, dawa, asali na nguzo, walipata thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuita ngitili pori tupu.

Hakuna mtu aliyeufanyia mto Mhumbu hesabu ya namna hiyo na kuipeleka kwenye meza ya mkaguzi. Ingefanyika, kijiji kingekuwa na bei mkononi siku uchafu unapoingia, badala ya kuanza kubishana.

Chombo cha kuifanya kipo. Sheria ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, ambazo zinaweza kuwa na katiba, akaunti ya benki na wajumbe wanaoishi mtoni. Kwa sasa nyingi zina kazi ya kusuluhisha ugomvi wa zamu za maji. Zingeweza kupewa karatasi za kupimia tindikali na kipima chumvi cha mkononi, vifaa ambavyo havihitaji shahada, na sehemu ya faini za bonde lao zikawekwa kwenye akaunti hiyo kwa ajili ya visima na malambo mbadala. Hilo linahitaji kanuni mpya, na Hazina kwa kawaida haipendi fedha zilizokwisha kupangiwa kazi kabla hazijafika kwake.

Vipimo lakini havihitaji kusubiri kanuni. Wakati mzuri wa kuanza ni Oktoba, madimbwi yakiwa machache na maji yakiwa mazito kuliko wakati wote, kabla mvua za Novemba hazijaosha kila kitu. Daftari moja, mistari minne kwa kila dimbwi: tarehe, rangi na harufu, kipimo cha tindikali, na idadi ya ng'ombe walionywa siku hiyo.